Karata Zimegandana, Kasha Halifunguki: Kutatua Matatizo ya Vifaa Vikongwe vya Kiinimacho Hapa Visiwani

Jioni moja ya Aprili, masika yamekolea, nilimpa mpwa wangu jozi ya karata za zamani azichange. Akazichanga mara moja, akanitazama. "Mjomba, hizi zimelowa?" Hazikulowa. Zilikuwa kabatini mwezi mzima, hapa hapa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, na hazikuguswa na tone la maji. Lakini aliposukuma karata ya juu kwa kidole gumba zilitoka tatu zimeshikana, ya nne ikanyanyuka nusu, kisha ikarudi kwa mlio mdogo kama wa gundi inayobanduliwa taratibu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu vitu. Tukiona karata haitelezi tunakimbilia poda. Kibao cha kasha kikikwama tunashika msasa, na springi ikikaza tunaimiminia mafuta ya nazi. Nimepoteza vifaa viwili vizuri kwa namna hiyo, na vyote viwili havikuwa na ubovu wowote. Vilikuwa vimeshiba hewa ya hapa. Vifaa hivi vilitengenezwa Ulaya na Marekani, na maelekezo ya kuvitunza yaliandikwa na watu ambao shida yao ni hewa kavu ya majira ya baridi. Sisi shida yetu ni kinyume chake, kwa hiyo inabidi tuwe na utaratibu wetu.

Siri nitakazozigusa humu zimekuwa zikiuzwa madukani kwa miaka mingi. Za watu walio hai siziandiki.

Dalili yoyote: anza na siku tatu za kopo

Tafuta kopo lenye mfuniko unaobana, la maziwa ya unga au la biskuti. Lioshe, lianike juani likauke kabisa, liache lipoe. Chini weka silika, zile punje zinazonyonya unyevu. Vijifuko vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu mara nyingi vimeshashiba kabla hujavifikia, kwa hiyo afadhali ununue silika yenye rangi, ambayo inakuonyesha yenyewe: ya machungwa ikishiba inageuka kijani, ya buluu inageuka waridi. Ya buluu ina kobalti, ambayo ni sumu, ndiyo maana mimi natumia ya machungwa. Ikishiba unaikausha kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa kama mbili, inarudi kazini. Mchele mkavu, ambao watu wengi wanauamini, unanyonya kidogo mno na unaita wadudu.

Ndani ya kopo tia haigromita ndogo, yaani kipimaunyevu. Lengo ni asilimia 45 hadi 55. Asubuhi za masika hewa ya ndani ya nyumba zetu huvuka 80 kwa urahisi, na koga huanza kupata nguvu unyevu ukipita 65 au 70. Usiende upande wa pili ukakausha mpaka chini ya 40, maana karata zitajikunja na mbao zitapasuka.

Karata usizitie zikiwa zimebanwa pamoja. Jozi iliyobanwa inatoa unyevu pembeni tu, katikati inabaki vilevile. Zigawe mafungu ya karata nane au kumi, uyapishanishe, halafu ufunge kopo ukae nalo mbali siku tatu.

Ukifungua na dalili imekwisha, kifaa chako ni kizima. Kinachoumwa ni kabati lako. Dalili ikipungua nusu, kuna unyevu na kuna jambo jingine juu yake. Ikibaki vilevile, sasa una haki ya kuendelea na sehemu zinazofuata na kutafuta ubovu ndani ya kifaa.

Kuhusu kabati: kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya maji kutoka chini na zinashika chumvi, ndiyo maana rangi inapukutika usawa wa magoti. Kabati lililoegemezwa ukuta wa nje linalala na maji kila usiku. Lisogeze, hewa ipite nyuma yake, na rafu ya chini uiache tupu. Kiyoyozi kinasaidia, lakini usikifanye ndiyo ulinzi wako. Sote tuliokuwepo Unguja tunakumbuka umeme ulivyokatika Desemba 2009, ukarudi baada ya karibu miezi mitatu. Kopo halihitaji umeme.

Karata haziteremki, hazitandazwi, zinatoka mbili mbili

Tuseme kopo halikutosha. Chukua karata tano kutoka sehemu tofauti za jozi, uzilaze moja moja juu ya kioo, ushuke macho usawa wa meza. Unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni mkunjo. Karata ni tabaka za karatasi zilizogandishwa pamoja. Upande mmoja ukinyonya unyevu zaidi ya mwingine, tabaka hilo linavimba na karata inajikunja kuelekea upande mkavu. Karata zikijikunja zote upande mmoja, geuza nusu ya jozi, uziweke chini ya uzito wa wastani, vitabu vinne vitano hivi, kwa wiki nzima ndani ya chumba kikavu. Wakusanyaji wa zamani walikuwa na kibanio cha mbao chenye skrubu kwa kazi hii. Ukikipata usikaze mpaka mwisho, maana karata ya zamani inabonyea ikabaki hivyo.

La pili ni uso wenyewe. Karata nyingi za Marekani zina vishimo vidogo vidogo usoni, vinavyoshika hewa kati ya karata na karata. Bicycle, ambazo kampuni yake ilianza kuzitoa mwaka 1885 mjini Cincinnati, ndizo zinazojulikana zaidi kwa uso wa namna hiyo. Vishimo vikijaa uchafu wa vidole, hewa inatoka na karata zinashikana kama vioo viwili vilivyolowa. Elekeza tochi kwa ubavu. Ukiona mng'ao wa madoa madoa katikati na pembeni, ni mafuta ya mikono. Futa kwa kitambaa cha pamba kikavu, karata moja moja, kwa mkono mwepesi. Usitie maji wala spiriti kwenye karata ya zamani, kwani rangi za baadhi yake zinatoka.

Baada ya kusafisha, ndipo poda inaposaidia. Poda ya kutelezesha karata tangu zamani ni zinki stearati. Unaipaka kidogo sana kwa pamba, kisha unafuta karibu yote. Usiipulize wala kuivuta puani, inaumiza mapafu, na isikae nyumbani penye watoto wadogo. Poda ya mtoto usiitumie. Nyingine zina unga wa mahindi, na unga huo unanyonya unyevu. Kwa siku mbili karata zitateleza vizuri, ya tatu utakuwa na uji.

La tatu ni kugandana kweli kweli. Karata mbili zimekuwa moja, ukizivuta zinachanika uso. Hili hutokea jozi ikishalowa kisha ikakauka ikiwa imebanwa, na nakuomba usizivute. Kausha kwa kopo kwanza, kisha jaribu kona moja kwa kipande chembamba cha plastiki, kama kile kinachokatwa kwenye chupa ya maji, ukiingiza taratibu sambamba na karata. Kona ikikataa, jaribu nyingine. Zikikataa zote nne, acha. Zilizogandana ni ushahidi wa historia ya jozi hiyo, na bado zina thamani zaidi kuliko mbili zilizochubuka.

Jozi ya hila imeacha kufanya hila

Hapa uvumilivu unahitajika zaidi, kwa sababu jozi hizi zote zinaishi kwa tofauti ndogo sana, pengine chini ya milimita moja.

Chukua jozi ya Svengali, inayohusishwa na Burling Hull wa Marekani, mwaka 1909. Nusu ya karata ni moja ile ile, na zimekatwa fupi kidogo kuliko zenzake. Ukiziachia kwa kidole gumba, fupi zinajificha nyuma ya ndefu. Dalili ya kawaida ni kwamba fupi imejitokeza mbele ya watu. Lawama inakwenda kwenye kidole, na kumbe ukingo wa karata umetafunwa. Ukingo uliochakaa unakuwa kama manyoya, na manyoya yanajaza ile nafasi ndogo.

Kujua, simamisha jozi wima juu ya kioo, uigonge mara mbili ikae sawa, kisha pitisha ukucha wa kidole kidogo juu ya ukingo wa juu kutoka mwanzo hadi mwisho. Jozi nzima inatoa mlio wa kukwaruza unaolingana, kama ukipitisha ukucha kwenye kitana chenye meno yanayopishana. Iliyochakaa inanyamaza mahali pengine. Pale iliponyamaza, toa karata hizo uzitazame. Mara nyingi ni nne au tano tu, zile ambazo mwenye jozi wa kwanza alizipenda kuzitumia.

Kishawishi kinachofuata ni mkasi, yaani kuzikata fupi zote upya. Usifanye hivyo kwa jozi ya zamani hata siku moja. Ukimaliza hutakuwa na kitu cha kukusanya wala cha kuonyesha. Mimi nina jozi ya kutunza na jozi ya kufanyia. Ya kutunza inatoka kwenye kopo mara chache, inaonyeshwa, inarudi. Ya kufanyia nimeitengeneza mwenyewe kwa karata mpya za dukani, kwa kipimo nilichokichukua kwenye ile ya zamani kwa rula ya chuma. Huo ndio uamuzi ulioniokolea vitu vingi kuliko poda na kopo vikiwekwa pamoja.

Jozi zilizochongwa upande mmoja ziwe nyembamba kuliko mwingine, ili karata iliyogeuzwa iweze kuvutwa kwa vidole viwili, nazo zinaugua ugonjwa huo huo. Tofauti ni kwamba hapa kosa linakuja kwa upande wa mkono pia. Jasho likijaa vidoleni, ngozi inashika kila karata, iliyogeuzwa na isiyogeuzwa. Jaribu asubuhi na mapema kabla ya joto. Ikifanya kazi saa moja ya asubuhi na ikakataa saa nane mchana, jozi haina neno. Nawa kwa sabuni, kausha, subiri dakika tano kabla ya kushika karata. Na kama umetoka kula urojo, nawa mara mbili, maana manjano ikishaingia kwenye karata nyeupe haitoki tena. Nina ree ya shupaza yenye alama ya kidole cha manjano pembeni, na kila nikiitazama moyo unaniuma.

Zipo pia jozi za mkwaruzo, ambazo baadhi ya karata zimepakwa dawa mgongoni au usoni zishikane mbili mbili. Kwa mfano ile aliyoitoa Joe Berg wa Marekani mwaka 1936 kwa jina la Ultra Mental. Hizi zikikaa kwenye unyevu zinashikana kupita kiasi, zikikaa kwenye vumbi zinaachana ovyo. Zikishikana sana, kopo linatosha. Zikiachana, dawa imekufa. Kwenye jozi ya kufanyia unaweza kupuliza lakka isiyong'aa, safu moja nyembamba, uache ikauke siku nzima. Kwenye jozi ya kutunza usipulize kitu.

Kasha la karata: kibao kimekwama, au kinaanguka kwa kelele

Kasha la karata ni boksi dogo bapa. Ndani yake mna kibao chembamba kinacholala kwenye mfuniko. Ukifunga, kibao kinaanguka chini, kinafunika karata moja na kufichua nyingine. Kila kitu kinategemea kibao kianguke chenyewe, kwa uzito wake, bila sauti.

Langu la mbao lilikwama mwezi wa nne. Nililipeleka kwa seremala mzee ninayemheshimu, nikamwomba alipige msasa. Akakishika kibao, akakiweka shavuni, akasema, "Mwanangu, hiki usikikate sasa. Kimekunywa maji. Kingoje kaskazi." Nilikuwa na onyesho wiki ile, sikungoja. Nikapiga msasa mwenyewe pande mbili, kikaanguka vizuri kabisa, na onyesho likaenda salama. Ilipofika Januari, kaskazi inavuma na hewa imekauka kidogo, kibao kile kikawa kinacheza ndani ya mfuniko kama jino bovu. Ukilitikisa kasha kinalia. Mtu wa mstari wa tatu anasikia.

Mbao hutanuka kwa upana, kukatisha nyuzi zake, na karibu haitanuki kabisa kwa urefu. Kwa hiyo kabla ya kushika chochote, tazama nyuzi za kibao zinaelekea wapi. Kikikwama kwenye zile pande ambazo nyuzi zinakwenda sambamba nazo, ni kuvimba, na dawa ni kopo kubwa na subira. Kikikwama kwenye ncha za nyuzi, sababu ni nyingine: vanishi iliyopakwa juu ya vanishi, gundi iliyotoka, au kitambaa cha sufu kilichonyanyuka pembeni. Kukitambua kitambaa ni rahisi. Pitisha karata mpya kati ya kibao na ukuta wa kasha pande zote nne, na pale itakapogoma, inama utazame kwa tochi. Nyuzi moja ya sufu iliyojitokeza inatosha kukizuia.

Kikianguka kwa kelele, tafuta kama kitambaa cha chini kimeliwa au kimekuwa kigumu. Kitambaa kipya kitafutwe chenye unene ule ule. Kikizidi unene, kibao kitakaa juu kuliko inavyotakiwa na kivuli chake kitaonekana. Gandisha kwa gundi ya unga wa ngano iliyo nzito, kidogo tu, maana gundi ya aina hiyo inaweza kubanduliwa siku za usoni na atakayekuja baada yako. Gundi za kukamata papo hapo ziachie viatu.

Makasha ya bati na ya shaba hayavimbi. Yakikwama, kibao kimepinda au rangi imepukutika ikajikusanya kwenye ukingo. Usikipinde kwa koleo. Kilaze juu ya kioo, kifunike kwa kitambaa, ubonyeze kwa vidole gumba.

Karata inayopanda haipandi

Hila ya karata kujiinua yenyewe kutoka kwenye jozi au kwenye gilasi ni kongwe. Howard Thurston, mfanya viini macho wa Marekani, alijipatia jina kwa hila hii mwishoni mwa karne ya 19. Vifaa vya hila hii ni vya namna mbili: vya uzi na vya saa.

Vya uzi mara nyingi vilitumia hariri nyembamba au unywele. Ikiwa chako ni cha unywele na karata inasimama kabla ya kutoka, sikiliza jambo hili. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alieleza kipimaunyevu chake, na kilichokuwa kikipima ni unywele wa binadamu. Unywele hurefuka hewa inapolowa, takriban asilimia 2 kutoka ukavu kabisa hadi unyevu kamili. Kwa uzi wa sentimita 40 hiyo ni milimita 8 ukienda safari nzima. Hata robo yake inatosha kuulegeza uzi uliopimwa chumbani penye kiyoyozi kisha ukatolewa barazani. Kwa hiyo funga uzi mahali pale pale utakapofanyia, nusu saa kabla, ukiwa umeshazoea hewa ya pale. Hariri yenyewe inapungua nguvu ikilowa. Ibadilishe kila onyesho, usingoje ikatike.

Vya saa vina magurudumu ya meno na springi ndani ya kikasha. Kikienda kwa kusitasita, harufu yake itakwambia. Mafuta ya nazi yaliyokaa yana harufu ya kuvunda, nayo yameshageuka gundi. Watu wa zamani hapa walipaka mafuta hayo kwenye kila kitu. Mpelekee fundi saa mwenye subira, ayatoe kwa petroli safi, akaushe, kisha atie tone moja la mafuta ya saa kwenye kila ekseli. Mafuta ya cherehani yanafaa ukikosa ya saa. Meno yenyewe yabaki makavu.

Kutu, kijani, na madoa ya kioo

Chuma chenye chumvi hakiponi kwa mafuta peke yake. Chumvi inabaki chini na kutu inarudi wiki ijayo. Ondoa chumvi kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi na kukamuliwa, kausha hapo hapo, halafu sugua kwa pamba ya chuma nyembamba kabisa yenye tone la mafuta. Upanga wa karata, ule unaochoma karata iliyochaguliwa zikiwa hewani, una pia mpira au springi ndani yake. Mpira uliopasuka pasuka hauna tiba, weka mpya.

Shaba usiisafishe kwa ndimu wala ukwaju kama tunavyosafisha sinia. Vifaa vingi vimepakwa nikeli juu, safu nyembamba, na asidi inaila. Kitambaa kikavu kinatosha. Madoa meusi kwenye vioo vya fremu za kutokezea karata yaache kama yalivyo.

Nyumbani sawa, ukumbini mbaya

Hii inawapata hasa wanaofanya hotelini. Karata zimekaa chumbani penye baridi mchana kutwa. Usiku unatoka nazo kwenye bustani ya pwani, hewa ya moto na unyevu inakutana na kitu cha baridi, na umande unakaa juu yake. Kwenye nikeli na kioo unauona. Kwenye karata huuoni, unausikia tu kwenye vidole. Toa kasha lako nje saa moja kabla, likiwa limefungwa, lifunguliwe likishapata joto la hapo. Ukivuka kwenda Pemba kwa boti, usiweke vifaa sitahani wala usiviache juani bandarini Mkoani. Vibebe mapajani, ndani ya kopo lililofungwa kwa utepe.

Meza nayo ina makosa yake. Mkeka hauwezi kutandaziwa karata, kwani kila ukili unashika ukingo. Kanga peke yake inateleza pamoja na karata. Kipande cha blangeti la sufu chini, kanga iliyovutwa na kubanwa kwa pini juu yake, kinafanya kazi vizuri kama zulia lolote la kununua. Na bustanini Forodhani jioni, kabla hujalaumu kifaa, geuka uone upepo unatoka wapi na nani amesimama nyuma yako.

Hila imekwenda sawa, lakini watu wamenyamaza

Kuna kunyamaza kwa kutofahamu. Hila nyingi za Ulaya zimejengwa juu ya mfalme, malkia na kijana wake, kwa daraja hiyo. Barazani kwetu watu wamekulia mchezo wa wahedi wa sitini: ree ni 11, saba ni 10, mzungu wa nne (mfalme) ni 4, mzungu wa tatu (kijana) ni 3, mzungu wa pili (malkia) ni 2. Malkia yuko chini ya kijana, na saba inaipita picha yoyote. Ukitoa wafalme wanne kwa mbwembwe kama kilele cha mchezo, mzee aliyecheza karata miaka 50 anaona umetoa pointi 16. Zitoe saba nne na ree nne, jumla 84, utasikia baraza linavyopiga kelele. Nimebadilisha hila zangu zote kwa hesabu hii, na hakuna ukarabati wa kifaa uliowahi kunipa faida kubwa kama huo.

Na kuna kunyamaza kwa hofu. Mtu anajiuliza kama hii ni sihri. Hili silichukulii kwa wepesi. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Robert-Houdin, mfanya viini macho wake mashuhuri, kwenda Algeria, ili viini macho vyake viwaonyeshe Waislamu wa kule kwamba Mfaransa ana nguvu kuliko masheikh wao. Kazi yetu imewahi kutumika kuwatisha watu, na watu waliotishwa ni kama sisi. Kwa hiyo mimi kabla sijafungua kasha nasema wazi: hii ni hila ya mkono na kifaa, sina jini, sijui ya ghaibu. Nampa mkubwa wa pale karata azikague. Akisema hapendi, nafunga kasha na kuomba radhi, na tunaendelea na kahawa.

Muuzaji anasema ni ya zama za Masultani

Tazama kona. Alama ndogo za namba kwenye kona zilienea katika miaka ya 1870 na 1880. Tazama stempu ya kodi kwenye boksi: Marekani waliacha kuitoza mwaka 1965, Uingereza mwaka 1960. Mistari ya kusomwa na mashine kwenye boksi inamaliza mazungumzo. Bei ipangwe baada ya hapo.

Matundu, koga, harufu

Vumbi laini chini ya boksi na kingo zilizotafunwa ni wadudu wanaofuata gundi na wanga. Funga kifaa cha karatasi ndani ya mifuko miwili ya plastiki, utoe hewa, ukiweke kwenye friza wiki mbili, kisha ukiache kwenye mfuko huo huo siku nzima kabla ya kufungua. Karafuu kavu ndani ya kabati hazina madhara, ila mafuta ya karafuu yanapenya karatasi na kuacha doa la kudumu. Koga inayopakaa kidoleni bado iko hai. Kausha kwanza, kisha piga brashi laini nje ya nyumba, ukiwa umefunika pua.

Harufu ya siki inahitaji hatua tofauti. Ni ya karata za plastiki ya asetati, kama Kem za miaka ya 1930, zinapoanza kuoza. Harufu ya kafuri kwenye kipepeo cha kujipepea, mpira mdogo au kifuniko cha zamani ni seluloidi. Inashika moto kwa cheche moja, na ikioza inatoa asidi. Hivi viwili havifai kuingia kwenye kopo hata kidogo, kwani ule mvuke ukifungiwa unaviozesha upesi zaidi na kula kila kilicho karibu. Vifunge kwa karatasi nyeupe isiyo na rangi, uviweke rafu ya peke yake penye hewa inayopita, mbali na jiko na chetezo cha udi, na uvinuse kila mwezi unapobadilisha silika ya makopo mengine.